Ubao wa Afisi ya Mudiri

3 Septemba 1959, Chake Chake

Sheria imefika. Ilishuka Mkoani na meli ya jana, na leo asubuhi tarishi wa Mudiri, mkubwa wa serikali hapa kwetu, ameibandika ubaoni nje ya afisi, kati ya bei ya karafuu na tangazo la ng'ombe mwekundu aliyeokotwa Wesha. Nimeisoma nimesimama juani, kisha nikainakili kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa serikali hii hututungia sheria halafu ikaona uchoyo kutupa nakala.

Inasema hivi. Mwalimu aliyestaafu atachagua njia moja katika mbili. Ya kwanza, apokee pensheni yake nzima mpaka afe, na siku ya kuzikwa kwake nayo ikome. Ya pili, ikatwe robo tangu sasa, na akifa yeye mkewe apewe nusu ya iliyobaki, mpaka naye afe au aolewe. Ukishachagua hubadilishi. Atakayekaa kimya hadi mwisho wa Disemba, au akafa kabla ya kuchagua, huhesabiwa kachagua ya kwanza. Na anayetaka ya pili aende mwenyewe mbele ya Mudiri, atie saini, ataje jina la mkewe na la baba wa mkewe, na jina hilo litabandikwa ubaoni mwezi mzima ili mwenye pingamizi aseme.

Nimestaafu Juni, kwa hiyo inanihusu. Na nimeona papo hapo wizi uko wapi. Mke akitangulia kufa, ile robo iliyokatwa hairudi. Serikali inakula tu, kama mwenye duka aliyepokea arubuni na bidhaa hana. Watanisikia.

5 Septemba

Makala nimemaliza, nimeipeleka kwenye gazeti Unguja. Hesabu tupu, haina tusi hata moja. Nadhani ndiyo makala bora niliyowahi kuandika.

16 Septemba

Juzi gazeti limefika na makala yangu imo, ukurasa wa pili. Jana kwenye Maulidi nilikaa nikisubiri mtu aitaje. Walitaja halua, walitaja msomaji aliyekatika sauti, walitaja vyama na ugomvi wa vyama. Makala hapana.

Aliyeisoma ni mmoja, Mwalimu Khatib bin Vuai. Huyu ndiye aliyenifundisha hesabu mimi nikiwa sina kiatu, kisha tukaja kuwa pamoja chumba cha walimu, yeye akiwa mkubwa wangu na mimi nikiwa mbishi wake. Alinisogelea na kikombe chake cha kahawa.

"Hesabu yako safi, Shaame," akasema. "Ila weye umewapigia hesabu walimu wote kwa pamoja. Miye sifi kwa pamoja. Nafa peke yangu."

"Kwa hiyo utakubali wakukate?"

"Nitakubali. Sina mtoto, sina mkarafuu hata mmoja. Nyumba ni ya Natwarlal, yule wa duka la khanga. Nikiondoka miye, kodi yake ataitoa nani? Yule wa nyumbani kwangu arudi Kiuyu kwa kaka yake, akalale jikoni na wajukuu wa watu? Robo si kitu. Natia saini mwezi ujao, mkono wangu ukipata nafuu."

Nilimwambia kwamba mtu mmoja akikubali serikali husema wote wamekubali. Akacheka, akanambia halua yangu inapoa. Halua haipoi, lakini ndivyo anavyomaliza ubishi tangu nikiwa mtoto.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Khatib hana moto. Nilimpenda kila siku kwa sababu hiyo, na leo nimemchukia kwa sababu hiyo hiyo.

22 Septemba

Mvua ya ghafla. Karafuu zimeanikwa uani, tumezikimbilia na majamvi. Mgongo unauma.

27 Septemba

Kuchambua karafuu nyumbani, tangu alasiri. Wanawake ndani, wanaume barazani, kila mmoja na fungu lake, tukitenga karafuu na makonyo yake. Kazi hii ni shule kuliko shule. Mikono ikishughulika, ndimi hufunguka.

Nikaileta sheria. Nikaeleza juu ya robo isiyorudi. Wakawa wananiitikia kama watu wanaoitikia dua ya Ijumaa. Mpaka Ngwali, mwalimu mstaafu wa Kiuyu, mtu mzito, mchache wa maneno, akaweka chini karafuu zake.

"Habari ya robo siijui," akasema. "Miye nnauliza moja. Jina la mke wangu libandikwe pale, wachukuzi wa Wesha wakipita walisome?"

Baraza zima likasimama. Nasema kweli, mikono ilisita juu ya karafuu. Mmoja akasema yeye hata mbele ya ndugu zake husema "watu wa nyumbani" tu. Mwingine akasema marehemu baba yake alikufa na jina la mama yao hakuwahi kulitamka nje ya mlango. Khatib alikuwepo. Nilimwona amekunja uso.

Nikajua moto uko wapi.

Ninaandika hapa kwa kuwa hapa hapana msomaji: mimi mwenyewe sina shida na jina. Nilipigania darasa la wasichana nikatukanwa msikitini, na majina yao niliyaandika rejistani kwa mkono wangu. Lakini hoja ikishawaka, nani anauliza kuni zimetoka wapi? Nimewaletea hesabu wakasinzia. Sasa wataamka.

1 Oktoba

Nimeandika kwa saa moja, bila kufuta. Kichwa chake: "Mke si Ng'ombe Aliyepotea." Shauri langu humo ni jepesi. Asitie saini mtu. Mwalimu mstaafu mmoja asionekane kwa Mudiri mpaka Baraza la Kutunga Sheria liondoe ubao na lirudishe robo. Wakikosa hata saini moja kisiwa kizima, watarekebisha.

11 Oktoba

Imetoka juzi. Sijapata kuona. Nakala za gazeti zimekwisha kabla hazijafika Wete. Wachukuzi wameitia sentensi ile ya kichwa kwenye wimbo wao wa kuvutia magunia. Sheha mmoja asiyenipenda amenishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kijijini Kiuyu wameisoma baada ya sala, Ngwali akiwa msomaji.

Aliyenipinga ni Natwarlal peke yake, na yeye alikuwa akipima khanga.

"Mwalimu, tazama juu ya mlango wangu," akasema. "Pameandikwa nini?"

"Savitaben na Wanawe."

"Savitaben ni mama yangu. Jina lipo juani tangu nikiwa natambaa. Limepata mvua, limepata kinyesi cha kunguru. Mama yangu yuko pale nyuma, anakula ndizi, hajambo."

"Kwenu ni kwenu, Natwarlal."

"Kweli. Na duka ni la mama yangu, ndugu zangu hawawezi kumtoa. Nusu doti au doti nzima?"

Nilichukua doti nzima. Wahindi hawana hoja, wana mkasi tu, nikamwambia, akacheka.

19 Oktoba

Mke wangu amesomewa makala na binti yetu. Jioni akinimiminia maji ya kunawa akanambia, "Umenisemea vizuri. Ila hukuniuliza." Nikamwambia lile si lake, ni la wote. Akasema, "Ndiyo, wote hukutuuliza." Akaondoka na birika. Hasira za wanawake wakati wa karafuu, kazi nyingi.

24 Oktoba

Siku njema. Asubuhi nilikwenda afisini kwa Mudiri kutazama kama kuna aliyeasi. Hakuna. Tuliokaa ukumbini tulikuwa watu wengi, wengine wachukuzi waliokuja kwa mambo yao, wengine wastaafu wenzangu kutoka shamba, na mazungumzo yalikuwa ya furaha.

Mara nikamwona Mwalimu Khatib anakuja na mwavuli wake, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Alikuwa amekuja kutia saini, hilo sikuhitaji kuambiwa. Alipofika kizingitini nikasema, kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mwalimu, karibu. Umekuja kumtangaza ng'ombe wako?"

Walicheka mpaka karani akatoka kutazama. Khatib naye akacheka, kidogo. Akasimama pale akiukung'uta mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Kisha akasema amekuja kuuliza bei ya karafuu, akaisoma ubaoni, akarudi alikotoka.

Hakuna saini hata moja. Tumemshinda huyu, tutawashinda wote.

30 Oktoba

Mvua.

2 Novemba

Mvua. Karafuu za jirani zimevunda juu ya jamvi, harufu imeingia mpaka kwenye vitabu vyangu. Nimeanza makala ya tatu. Haiendi.

8 Novemba

Mwalimu Khatib ni mgonjwa. Alirowa akitoka msikitini. Kichomi.

11 Novemba

Nimetoka kwa Khatib sasa hivi. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa, na ndani ya kizingiti chake sheria nzima ikanipanda kifuani, kifungu kwa kifungu. *Au akafa kabla ya kuchagua.* Niliinakili mwenyewe. Nimeipigia kelele miezi miwili, na kifungu hicho sikukisema mahali popote, kwa kuwa hakikunifaa.

Amelala kitanda cha kamba, mito mitatu mgongoni, na pumzi yake inasikika kutoka ukumbini. Pazia lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake Bi Mwanabaraka, mkewe, alikuwa akimchemshia majani.

"Nitamleta Mudiri hapa," nikamwambia Khatib. "Yeye akija kwako ni sawa na wewe kwenda kwake. Sheria haikatazi."

"Aje kwa lipi?"

"Kwa saini."

Alinitazama. Macho yalikuwa na homa, lakini akili ilikuwa ile ile.

"Ulisema vizuri, Shaame. Miye nilikuwa sijaliona. Siku ile mlangoni nilirudi nyumbani nimekukasirikia, kisha nikakaa nikafikiri, nikasema mtoto huyu kasema kweli. Nimekaa na mwanamke huyu tangu kabla ya vita vya pili, sijamtaja mbele ya mwanamume. Hajapata kunipungukia heshima hata siku moja. Na heshima ya mwisho nimlipe kwa kumtundika ukutani?"

"Yale niliyaandika kwa ajili ya gazeti."

"Basi si kweli?"

"Ni kweli ya kushindia."

"Sikukufundisha hiyo," akasema. Akakohoa mpaka nikamshika mabega. Alipopumua akaongeza, "Weye si mtu wa kuandika usiloliamini. Unanionea huruma tu. Nenda ukalale."

Niliinuka kwenda kulala, kama nilivyoambiwa. Mimi, niliyemnyamazisha mkaguzi wa shule mbele ya wazazi. Nyuma ya pazia sufuria ilikuwa imeacha kuchemka, na yule aliyekuwa akichochea alikuwa ametulia kabisa.

12 Novemba

Mudiri hayupo, ameshuka Mkoani kumpokea mkubwa fulani. Nimepanda gari la shamba mpaka Mkoani, barabara yote matope, tukasukuma mara mbili. Nimemkuta bandarini. Ni kijana wa Kiunguja, mpole, anayejua kwamba mimi ndiye niliyemwita karani wa wakoloni kwenye gazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, si wewe ulosema asitie saini mtu?"

"Ni mimi."

"Na sasa wataka nende nikamtilishe saini mgonjwa?"

"Nataka uje kabla hajafa."

Amesema kesho, baada ya Ijumaa. Hakunikejeli. Ningependa angenikejeli.

13 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mudiri alikuja na karani, wakavua viatu, wakaketi juu ya mkeka kando ya kitanda. Khatib alikuwa amedhoofu zaidi lakini alijua kila mtu. Alimwomba radhi Mudiri kwa kutoinuka. Mudiri akaeleza njia mbili, pole pole, kwa adabu, kama anayemweleza mtu asiyezijua. Khatib akangoja amalize.

"Nimefahamu, Bwana Mudiri. Nachagua ya kwanza."

"Ya kwanza, Mzee wangu, huna haja ya saini."

"Basi umesumbuka bure. Watakuletea kahawa."

Nikaingilia. Nikasema yote: robo, kodi, Natwarlal, Kiuyu. Nilisema vibaya. Miaka yote nimezungumza na watu niliotaka kuwashinda, na pale nilikuwa na mtu mmoja niliyetaka aishi, au akifa asife hivyo, na sikuwa na hata sentensi moja iliyosimama. Khatib akanisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nikikosea ubaoni.

Kisha nyuma ya pazia Bi Mwanabaraka akasema, si kwa sauti kubwa:

"Andika, Bwana Mudiri. Jina langu nalitaja mwenyewe. Mwanabaraka binti Ahmada."

Karani aliinua kalamu. Mudiri akainamisha kichwa. "Bi, nisamehe. Sheria yataka saini ya mume."

"Basi mpeni kalamu mume."

"Khatib," nikasema, "umemsikia."

"Nimemsikia. Anaona haya kuwa mzigo, ndiyo maana anasema hivyo." Akageuza uso kidogo upande wa pazia, na sauti ikalainika. "Weye nyumbani, acha. Haya ni mambo ya wanaume."

"Mambo ya wanaume na ni miye nitakayehamishwa?"

Khatib alinigeukia mimi. "Shaame, Bwana Mudiri hajui kwa nini. Atadhani nimekuwa mkaidi wa uzee. Msomee ile ya gazeti. Ile ya mke si ng'ombe."

Nikasema sinayo. Akasema naijua kwa moyo. Nikasema nimeisahau.

Basi akaisoma yeye. Aliishika yote, neno kwa neno, kama alivyokuwa akishika majedwali, akipumzika pale pumzi ilipokata na kuendelea pale pale. Karani alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Sijapata kusikia makala yangu ikisomwa vizuri vile. Kila sentensi niliyoitia chumvi ilitoka kinywani mwake haina chumvi, imekuwa imani ya mtu. Alipofika mwisho akafumba macho, akasema, "Huyu nilimfundisha miye," akimwambia Mudiri, na alikuwa akijivuna.

Mudiri aliondoka bila kunywa kahawa. Mlangoni alinishika mkono.

14 Novemba

Mwalimu Khatib bin Vuai amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Mvua iliacha kwa muda wa mazishi tu.

17 Novemba

Hitima imesomwa. Watu wengi, wanafunzi wake wa miaka yote, wengine na mvi. Ngwali alisimama akasema marehemu alikufa mwanamume, hakuuza heshima ya nyumba yake kwa robo wala kwa nusu. Waliitikia. Mmoja alinigeukia akanambia maneno yangu yamemfikisha Mzee pema. Alikuwa na nia njema. Nilitoka nje nikajifanya natafuta viatu.

18 Novemba

Bi Mwanabaraka yuko eda. Hatoki, na mimi siwezi kwenda kumwona. Mke wangu huenda kila siku na chakula. Namwuliza amesemaje. Husema, "Hajasema kitu. Anauliza mvua tu."

21 Novemba

Nimekwenda kwa Natwarlal kabla hajafungua vizuri. Alijua nimejia nini.

"Mpaka atoke eda simwulizi shilingi," akasema. "Kwetu pia mjane ni mjane. Lakini baada ya hapo, Mwalimu, nyumba ile ni yetu sote, ndugu wanne, na mmoja anaoa."

Nikasema nitalipa mimi.

"Wewe na pensheni ipi? Una watoto watano. Utalipa miezi miwili, wa tatu utakuja hapa kuniomba nikuandikie daftarini. Na yeye hatakubali mwanamume asiye wake amlipie nyumba. Unamjua."

Namjua. Mke wangu alimpelekea neno hilo hilo kwa niaba yangu. Alijibu: "Mwambie Mwalimu ahsante. Nina kaka Kiuyu." Ndilo neno lile lile alilolikimbia Khatib siku ya Maulidi.

25 Novemba

Silali vizuri. Nimezitoa makala zangu zote za miaka ishirini, nikazisoma. Nilitaka kujua ni mara ngapi nimefanya hivi. Nimeacha katikati.

Si kwamba sheria ni njema. Ni mbaya, robo hairudi, nitasema hivyo mpaka kaburini. Lakini nilikuwa na hoja ya haki iliyokuwa dhaifu na hoja ya uongo iliyokuwa na nguvu, na nikapanda ile yenye nguvu kwa kuwa ilikwenda mbio. Khatib hakuwa na namna ya kujua. Alinijua tangu utoto, na katika kunijua kwake kote hakuliona hili, kwamba naweza kuandika kwa moto kitu nisichokiamini. Aliniheshimu kuliko nilivyostahiki, na heshima hiyo ndiyo iliyomfunga mkono.

Na nilimcheka mlangoni. Nimeufungua tena ukurasa wa siku ile. "Siku njema," nimeandika.

1 Disemba

Habari kutoka Unguja: ubao umeondolewa. Kuanzia Januari jina la mke litabaki ndani ya afisi, haliandikwi nje, na muda wa kuchagua umesogezwa hadi mwisho wa Machi. Robo haijarudishwa. Waliokwisha kufa hawamo.

Mji mzima umefurahi. Nimeletewa sinia mbili za chakula.

4 Disemba

Baada ya sala ya Ijumaa wamenishika niseme. Palikuwa na watu mpaka barabarani. Nikaona hapa ndipo pa kuliweka sawa. Nikasema: ndugu zangu, jambo la ubao lilikuwa dogo kuliko yote katika sheria ile, nami nililikuza. Jina la mwanamke halina aibu. Aliyetia saini Septemba angekuwa ameihifadhi nyumba yake, na mimi ndiye niliyemzuia mmoja wetu.

Walidhani ni unyenyekevu. Ngwali akanipigapiga mgongoni. "Mshindi hajisifu," akasema, na baraza zima likacheka kwa upendo, na mtu huko nyuma akaanza ile sentensi, na wote wakaipokea, mke si ng'ombe, mke si ng'ombe, kwa sauti ya kuvutia magunia. Nilipaza sauti. Nina sauti kubwa. Haikufika popote. Ile yangu ya Oktoba ilikuwa kubwa zaidi.

7 Disemba

Nimemwuliza mke wangu. Nilimwuliza akiwa anaanika, nikasimama upande wa pili wa jamvi.

"Unataka nichague ipi?"

Aliendelea kutandaza karafuu kwa kiganja.

"Leo waniuliza."

"Leo nakuuliza."

"Ya pili. Na usingoje Januari. Khatib alingoja mkono upate nafuu."

"Kabla ya Januari kuna ubao. Watalisoma."

"Waache wasome. Visimani wananiita kwa jina hilo tangu utoto wangu, maji hayajakauka."

8 Disemba

Nimetia saini leo asubuhi. Mudiri alinikumbusha kwamba nikivumilia majuma matatu jina halitatoka nje. Nikamwambia najua. Akaniuliza jina, na niliona ulimi unasita, wa mtu aliyepigania darasa la wasichana. Hata humu, miezi yote hii, sikuliandika. Nikasema: Mwanapili binti Vuai. Vuai huyu si yule baba wa Khatib.

Karani ameliandika kwa herufi kubwa, akatia namba moja kando yake, akalibandika. Ng'ombe wa Wesha ameshachukuliwa na mwenyewe. Sasa pana mbuzi wawili.

Nilipotoka, mchukuzi mmoja alikuwa ameegemea rikwama lake.

"Mwalimu, ng'ombe kapatikana?"

Waliokuwepo wakacheka. Nikasimama pale nisikie mpaka wamalize. Kisha nikaenda zangu.

9 Disemba

Ngwali amekutana nami njiani, hakunitolea salamu. Sheha naye. Sinia za chakula nimezirudisha kwa wenyewe, hakuna aliyenikaribisha ndani. Khatib, kwa kicheko kimoja cha namna hii, alirudi nyumbani akageuza alichokiamini. Mimi ninavistahiki vyote.

12 Disemba

Leo Mwanapili alivaa buibui lake jipya, akawachukua shoga zake wawili, wakaenda mpaka ukumbini kwa Mudiri katikati ya mchana. Karani amenihadithia. Anasema walisimama mbele ya ubao kimya, yule anayejua kusoma akaweka kidole chini ya jina, akawasomea, kisha akawasomea tena. Wachukuzi walikuwapo. Hakuna aliyecheka.

Kutoka pale alipitia kwa Bi Mwanabaraka. Alirudi magharibi, akakaa jikoni muda bila kuwasha moto. Nilimfuata. Nikauliza kulikoni.

Akasema Bi Mwanabaraka alikuwa amekwisha kufunga vyombo vya kabati kwenye kikapu, ingawa eda bado mbichi, asipate kazi ya haraka baadaye. Alitaka kuambiwa kila kitu. Karatasi ni kubwa kiasi gani, wino wa rangi gani, jina la baba limo. Mwanapili akamwambia limo, lote, kwa herufi kubwa.

"Liko la ngapi?" akauliza.

"La kwanza. Hakuna jingine."

Bi Mwanabaraka akakifunga kikapu kamba, akakaza fundo.

"Lako lingekuwa la pili," akasema.